Pini Iliyoganda Juu ya Malindi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya mchuchumio. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya kambini na kozi ya ufundi silaha, nimepangiwa ghala la idara pale Tanga mjini, na kwa akili yangu ya usichana niliamini kwamba mtumishi wa serikali lazima aonekane. Mkuu wa Ghala, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia kichwani akashuka taratibu, akafika miguuni akaganda hapo.

"Binti, kwenu wapi?"

"Shikamoo, mzee. Kwetu Lushoto, Malindi."

"Marahaba. Sasa, binti wa Malindi, humu springi ikiruka hutafutwa kwa magoti. Hivyo viatu vitakusaidia nini?"

Chai haijaletwa, springi ikawa imesharuka. Niliitafuta chini ya meza, chini ya makabati na nyuma ya mapipa, sketi imejaa vumbi, wenzangu wanaume wakisonya na kucheka. Niliipata imejibanza kwenye ufa wa sakafu. Mkuu wa Ghala aliipokea, akaifuta, akasema, "Umeajiriwa." Kesho yake nilikuja na raba.

Idara yetu ilikuwa ya misitu. Askari wetu walilinda miti ya thamani, hasa mikulo ya milimani ambayo wapasua mbao wa magendo waliipenda kupita kiasi, na kila kituo kilikuwa na bunduki zake chache. Nyingi zilikuwa aina ya SAR, yaani nusu otomatiki. Vijana wa leo mnaotazama sinema mnafikiri ukiigusa tu inamwaga risasi mfululizo. Haimwagi. Unavuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja. Baada ya hapo ndipo chuma chenyewe kinapofanya kazi: gesi kidogo ya baruti inapenya kitundu kilichoko juu ya mtutu na kusukuma pistoni, pistoni inarudisha bolti nyuma, bolti inatupa nje ganda tupu, kisha springi inairudisha mbele ikiwa imebeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Askari anasubiri tu kuvuta tena. Sasa chuma kikishafanya nusu ya kazi ya mtu, kinachukua na nusu ya vituko vyake, na vituko hivyo ndivyo vilivyonilisha miaka yangu yote ya kazi.

Kila bunduki ilikuwa na namba ya idara, lakini sisi wa karakana tulizipa majina. Moja tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilikuwa haipokei risasi ya kwanza mpaka uirudishe bolti kwa nguvu na heshima. Ukiilegezea mkono, inakataa, inakutazama. Nyingine iliitwa Mtupa Karanga, kwani wenzake walitupa maganda kulia, yenyewe ilitupa juu, yakamshukia askari mwenyewe kichwani, na ganda lililotoka kwenye moto si kitu cha kukushukia kwenye kola ya shati. Kulikuwa na moja ambayo komeo la magazini yake lilikuwa limeishiwa uvumilivu. Magazini ya SAR haitoki kama ya bunduki nyingine, bali ina kifuniko chini kinachofungwa kwa kijikomeo. Komeo likichakaa, askari anamkimbiza mwizi na huku nyuma risasi zinamwagika njiani kama mtu aliyetobokewa na mfuko wa maharage.

Baada ya Tanga nilihamishiwa upande wa Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya milima ya mashariki. Kule nilikutana na unyevu. Mbao za bunduki zilivimba, na mbao ikivimba, kile kipande cha chini chenye kifyatulio hakikubali kurudi mahali pake mpaka ukipige kwa kiganja cha mkono. Msimamizi wa Doria alikuwa mlokole kutoka nyanda za juu kusini, mtu mzuri sana, na kabla ya kufungua bunduki yoyote alifumba macho akasema kwa sauti, "Ee Bwana, isiwe na risasi." Akishasema amina, anaelekeza mtutu ardhini, anavuta bolti, anachungulia chumba cha risasi na kuingiza kidole. Siku moja nilimuuliza, "Afande, kama umeshaomba, kidole cha nini tena?" Akanijibu, "Mungu anataka tumsaidie." Mimi ni Mwislamu, lakini utaratibu ule niliuchukua mzima mzima, na mpaka leo sijawahi kuishika bunduki bila kuanza na Bismillah na kumalizia na kidole.

Kisha nikarudishwa kwetu, Lushoto, kuendesha karakana ndogo ya wilaya. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu nilipoondoka sasa yalijaa mpaka barazani: redio, mitumba, mafuta ya nywele ya kila harufu. Watu wa Malindi waliokuwa wakilima mboga za kula walianza kulima za kuuza, na magari ya karoti na kabichi yakawa yanashuka kila siku kwenda Dar es Salaam. Ila ruksa ilikuwa na upande wake wa pili. Serikali ilikuwa inajipunguza. Vifaa vilivyokuwa vikiletwa kutoka makao makuu vikawa haviji, na mafuta maalumu ya bunduki yalikwisha kwenye madebe bila mengine kufuata. Juu ya hayo likaja neno jipya ambalo kila mfanyakazi alilitamka kwa sauti ya chini: kupunguzwa.

Mkubwa wangu Lushoto alikuwa Bwana Misitu wa Wilaya. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, msomi wa chuo kikuu, mtu wa kanda ya ziwa, mchapakazi, na maridadi kuliko wanawake wote wa ofisini. Alikuwa na nywele nyingi nyeusi alizozilea kama bustani, na hakuna mvua wala ukungu ulioweza kuzivuruga. Aliniita Mama Fundi tangu siku ya kwanza.

Juu ya Malindi, mpakani mwa msitu, tulikuwa na kituo kidogo cha askari kilichoongozwa na Sajini. Hapo ndipo alipokuwa Mwinjuma, mtu wa Pangani. Alihamishwa kutoka kwenye mikoko ya pwani akaletwa kwenye baridi yetu na makoti mawili, moja juu ya jingine. Alikuwa mpole, mtani, na ndani ya muda mfupi alikuwa ameoa binti wa kijijini, Hadija, na tayari mtoto alikuwa njiani. Kama kulikuwa na askari aliyetunza bunduki yake, ni yeye. Aliifuta, akaipaka mafuta, akaifuta tena, mpaka wenzake wakamuuliza kama na hiyo ameitolea mahari.

Asubuhi moja ya Juni, kwenye gwaride la kwenda doria, Sajini alitoa amri ya kupakia. Mwinjuma alielekeza mtutu juu kama alivyofundishwa, akaiachia bolti irudi mbele, na bunduki ikalia. Kidole chake hakikuwa hata karibu na kifyatulio, aliapa hivyo. Risasi ilikwenda mawinguni, hakuna aliyeumia. Sajini alimgombeza, bunduki ikaletwa kwangu.

Sasa niwaeleze kawaida ya mafundi silaha wa zamani, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Bunduki yoyote ikifika karakana, kitu cha kwanza ni kuiosha. Unaifungua, unatumbukiza vyuma vyote kwenye karai la mafuta ya taa, unasugua, unafuta, ndipo unaanza kukagua. Tulifundishwa hivyo na tuliowafundisha tuliwafundisha hivyo. Nikaiosha, nikaikagua, nikaijaribu mchana kutwa. Haikuwa na tatizo lolote. Kwa usalama nikaiteremsha Tanga, nao wakaiosha tena, wakaijaribu kwenye joto lao, wakairudisha na karatasi ya kusema ni nzima. Ikapanda tena milimani kwa Mwinjuma.

Mwezi haukupita, ikarudia. Asubuhi tena, gwarideni tena, bolti ikifunga tu, pa! Safari hii risasi ilitoboa tangi la maji lililokuwa juu ya nguzo, na kwa bahati yake mbaya Sajini alikuwa amesimama chini yake akipiga mswaki, gwaride kamwachia msaidizi wake. Maji ya Julai ya juu ya Malindi, hebu fikiria. Wanasema alitoa sauti ambayo nyani wa msituni waliijibu.

Tulicheka Lushoto nzima. Bwana Misitu ndiye hakucheka. Aliniita ofisini na kufunga mlango.

"Mama Fundi, bunduki ni nzima au mbovu?"

"Mzee, nilivyoiona mimi ni nzima. Tanga nao wanasema nzima."

"Kama bunduki ni nzima, mbovu ni mtu." Alishusha pumzi. "Nimeagizwa nipunguze. Majina mengine nimeshapata, watu wenye umri mkubwa, walioomba wenyewe. Limebaki moja. Huyu Mwinjuma amefyatua mara mbili bila amri. Nisipompeleka mahakamani kwa uzembe, angalau aondoke na waliopunguzwa. Namfanyia hisani."

Nilimjua Mwinjuma, na nilijua namna alivyoshika bunduki. Mtu mzembe ana mikono ya mzembe; yeye hakuwa nayo.

"Nipe ruhusa nipande kule," nikasema. "Nikaione bunduki kabla haijaoshwa na mtu. Nikaione asubuhi, na baridi yake."

"Ukikuta nini?"

"Sijui. Lakini mara zote mbili ni asubuhi, na mara zote mbili sisi tumeiangalia mchana, ikiwa safi. Tumekuwa tukimuogesha maiti kabla ya daktari."

Kisha akasema neno ambalo lilinikaa kifuani safari nzima: "Sawa, twende wote. Ila ujue, Mama Fundi, ukimsafisha huyu, lile jina moja bado linadaiwa. Nitalazimika kumtafuta mwingine, na nyote mna watoto."

Nikamwambia najua. Tukapanda.

Tulifika alasiri. Nilimwambia Sajini mtu yeyote asiiguse ile bunduki, ikae pale pale ilipokaa siku zote. Bunduki za kituo zilihifadhiwa kwenye chumba cha mawe, zikining'inizwa ukutani kwa mikanda yake, midomo ikiangalia chini. Hiyo ilikuwa desturi yao ya mlimani na ilikuwa na maana: paa lilivuja, ukungu uliingia mpaka ndani, na mtutu ukiangalia juu utanywa maji. Hata doria walizibeba hivyo hivyo begani, mdomo chini.

Hadija alituletea uji. Alinisalimu kwa Kishambaa, "Onga maundo, dada," salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni, kwa jinsi alivyokuwa na mawazo. Alinivuta pembeni, mkono mmoja ukiwa kwenye tumbo lake.

"Dada, wakimfukuza, nyumba hii ya kituo tunatoka. Kwa baba sina pa kurudi, alikataa nisiolewe na mtu wa pwani. Pangani sijawahi hata kufika. Nitazalia wapi mie?"

Nilimwambia alale.

Asubuhi ilikuja na baridi ya kuuma masikio. Nilikwenda jikoni kwa Sajini kuomba maji ya moto, nikamkuta Bwana Misitu amechutama mbele ya jiko la mkaa, kifua wazi, taulo begani, ameshika kichupa anakizungusha juu ya moto kama anachoma mahindi.

"Mzee, unapika nini?"

Alishtuka, akataka kukificha, akaona amechelewa. "Mafuta yangu ya nywele," akasema kwa aibu. "Ya nazi, naletewa toka Tanga. Tatizo la huku juu yanaganda. Kila asubuhi lazima niyapashe, bila hivyo hayatoki chupani. Mchana huwa hayana shida."

Nilisimama pale na kikombe changu. Niliyatazama yale mafuta meupe yakianza kulegea pembeni mwa kichupa. Mtu wa Pangani, nikawaza. Mafuta ya idara yamekwisha. Asubuhi yanaganda, mchana hayana shida.

"Vaa shati, mzee," nikamwambia. "Twende chumba cha bunduki. Na usijipake kwanza!"

Hapa lazima niwaeleze pini. Ndani ya bolti kuna tundu jembamba, na ndani ya tundu kuna pini ambayo ikigongwa na nyundo hutokeza mbele na kuichoma fataki iliyoko kitakoni mwa risasi. Fataki ndiyo inayowasha baruti. Kwenye bunduki nyingi pini hiyo ina springi ya kuirudisha nyuma. Za SAR tulizokuwa nazo hazikuwa nayo. Pini inaelea tu mle ndani, inakwenda mbele na nyuma inavyotaka. Ukiitoa bolti na kuitikisa karibu na sikio, utaisikia inacheza, koti koti koti. Ikicheza, iko huru, nawe uko salama.

Nilianza na Bismillah na kidole: chumba cha risasi kitupu. Nikaitoa bolti, nikaitikisa sikioni. Kimya. Nikaipeleka kwenye sikio la Bwana Misitu. Kimya. Tukaisogeza dirishani. Ncha ya pini ilikuwa imechungulia nje ya uso wa bolti na imeganda hapo hapo, imezungukwa na kitu cheupe kilichochanganyika na masizi, kigumu kama nta ya mshumaa. Bwana Misitu alikikwangua kwa ukucha, akakinusa. Akanusa tena. Mkono wake mwingine ukapanda wenyewe kichwani.

"Mama Fundi," akasema, "haya ni mafuta yangu!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ni yeye aliyeimaliza hesabu yenyewe, nami nampa haki yake. Akili ya chuo kikuu ilikuwa kichwani pamoja na mafuta. Alisimama katikati ya chumba kile akaeleza kwa mikono: jioni askari anaipaka bunduki mafuta ya nazi yaliyokuwa karibu na moto, maji matupu. Anaitundika mdomo chini. Pini inateleza mbele kwa uzito wake. Usiku baridi inaingia, mafuta yanagandia pini ikiwa imechungulia. Asubuhi anapakia, bolti inajifunga kwa kishindo, na pini tayari inaisubiri fataki mlangoni. "Hakuna haja ya kidole!" akasema. "Na mchana yanayeyuka, bunduki inakuwa malaika. Na Tanga hayagandi kabisa!"

"Na sisi tunayaosha kwa mafuta ya taa kabla ya kuyaona," nikamalizia.

Hata hivyo ufundi hauishii kwenye maneno. Nilikuwa nimebeba ganda lenye fataki tupu, bila baruti wala risasi, linalotoa mlio tu. Tulikwenda nje, mbali na tangi, Sajini akasimama mbali zaidi kuliko wote. Nikaelekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, nikaweka ganda, nikanyoosha vidole vyangu vya mkono wa kulia wote hewani ili kila mtu avione, nikaiachia bolti kwa mkono wa kushoto. Pa!

Mwinjuma alikaa chini kwenye majani yenye umande. Aliinamisha kichwa.

"Ni mafuta ya nazi, sivyo?" nikamuuliza.

"Wallahi ni hayo, Mama Fundi. Ya idara yalikwisha. Kule kwetu mikokoni bunduki naipaka hayo hayo, chumvi ya bahari haiipati, wala haijawahi kunifanyia vituko. Niliogopa kusema. Imeandikwa tusitie kitu kisicho cha idara, nikaona nitaongezewa kosa juu ya kosa."

Sajini alifungua mdomo ili amshukie, maana lile tangi lilikuwa bado moyoni mwake. Bwana Misitu aliinua mkono. "Mafuta ya idara hatukumpa," akasema. "Kama kuna kosa, linaanzia ofisini kwangu. Huyu abaki kazini." Hadija alikuwa mlangoni. Aliingia ndani, tukasikia akilia na kucheka kwa pamoja.

Siku zilizofuata nilizunguka vituo vyote vya wilaya nikiwafundisha askari: pini na tundu lake vioshwe kwa mafuta ya taa na viachwe vikavu kabisa, visipakwe kitu chochote, na kila asubuhi kabla ya kupakia, bolti itikiswe sikioni. Isipocheza, bunduki haitoki. Walipenda mchezo ule. Ukipita kituo chochote asubuhi uliwakuta wamejipanga mstari, kila mmoja anasikiliza bolti yake kwa makini kama anaongea na simu.

Niliwafundisha vizuri mno. Hawakunihitaji tena kila mara. Mwisho wa msimu ule Bwana Misitu aliniita ofisini, akaniagizia chai, akaniongezea sukari kwa mkono wake mwenyewe, na hapo nikajua.

"Ni karakana," akasema bila kunitazama. "Wanataka silaha zote zitengenezwe Tanga. Nimejaribu, Mama Fundi."

"Lile jina moja."

"Lile jina moja. Nilikuambia."

"Uliniambia, mzee."

"Ungeninyamazia siku ile, ungekuwa bado..."

"Ningekunyamazia, wewe ungelala usingizi?"

Alifikiri. "Nisingelala."

"Basi kunywa chai yako."

Nilisema kwa ujasiri, lakini nilipofika nyumbani nilijifungia nikalia. Nilikuwa naipenda kazi ile. Niliipenda harufu yake, makarai yake, hata springi zake zinazoruka. Asikudanganye mtu kwamba aliyepunguzwa huondoka akicheka.

Nilikwenda kuaga kituo cha juu ya Malindi mwisho kabisa, Bwana Misitu akanisindikiza. Sajini aliwapanga askari, akatoa hotuba fupi. Alipotaja kwamba mimi ndiye niliyepunguzwa wilayani, Mwinjuma alitoka kwenye mstari bila amri, akasimama mbele ya Bwana Misitu, akapiga saluti.

"Afande, jina lilikuwa langu. Kila mtu anajua. Mrudishe Mama Fundi, uliandike langu."

Bwana Misitu alinigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Nikaona mtu huyu nisipomgombeza sasa hivi, tutalia wote gwarideni.

"Rudi mstarini, Mwinjuma!" nikasema. "Kazi yangu nimeshaimaliza vizuri. Usiniharibie."

Akarudi.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu kabla ya wakati. Nikashika jembe hapa Malindi, na soko lilelile huria lililonitoa kazini likaninunulia karoti na viazi, watoto wakasoma. Mwaka wa kwanza nilikuwa bado naamka na kuvaa kama mtu anayekwenda kazini, kisha nakumbuka, navua. Vijana huniuliza kama najuta. Nilichokuwa nakijua kilikuwa kidogo, tabia za chuma tu, na Mwenyezi Mungu alinijalia kidogo hicho kimfae mtu siku aliyokihitaji. Kuna watu wanaofanya kazi maisha yao yote wasiione siku hiyo. Mimi niliiona. Sasa nitajutia nini?

Miaka ilikwenda. Siku moja, nikiwa shambani napalilia, niliwaona mtu na mkewe wakishuka kwa kijia cha msituni, yeye na kanzu iliyonyooshwa, mke na kitenge kipya. Sikumtambua mpaka alipofika karibu na kupiga saluti na kanzu yake.

"Mama Fundi," akasema Mwinjuma, "nimekuja nikwambie mwenyewe. Jana wameniaga. Nimestaafu." Akashusha mkono wa saluti. "Kwa umri."

Niliuacha mpini wa jembe ukaanguka. Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili iliyojaa udongo, nikawaongoza yeye na Hadija nyumbani wakanywe chai.